Nani Alikuchagulia Kikombe?

SOMO LA WIKI

Andiko kuu: Danieli 1:1–20
Maandiko ya kusaidia: Isaya 5:11–13; Yeremia 35; Habakuki 2:15; 1 Wakorintho 10:31; Waefeso 5:18–20
Andiko la kukariri: Warumi 12:2
Lengo la somo: Kutambua jinsi nyimbo, michezo, matangazo na watu mashuhuri wanavyotuchagulia vinywaji, na kujifunza kuamua moyoni kabla kikombe hakijaletwa.

UTANGULIZI

Mara nyingi tukizungumza habari ya vinywaji kanisani tunaanzia kwa chupa. Tunauliza, hii ni dhambi? Na hii je? Jumapili iliyopita tulianzia nyuma zaidi. Mtu anapofika kaunta ya duka, au anapoulizwa kwenye meza ya marafiki "wewe utakunywa nini?", jibu lake mara nyingi lilishaamuliwa kitambo. Liliamuliwa na wimbo anaousikia kwa matatu kila asubuhi. Liliamuliwa na mechi ya Jumamosi, na yule msanii anayemfuata kwa simu, na vile baba yake alivyokuwa akifanya kila Krismasi. Yeye anadhani anachagua, kumbe anarudia chaguo la mtu mwingine.

Kwa hivyo swali la wiki hii si "unakunywa nini?" peke yake. Swali ni: nani alikuchagulia?

1. BABELI ILITUMIA MEZA

Fungua Danieli sura ya 1 usome polepole. Mfalme Nebukadneza hakuwatia wale vijana wa Yuda gerezani. Aliwachagua walio wazuri na werevu, akawapeleka chuo kwa miaka mitatu. Wakafundishwa lugha ya Wakaldayo na vitabu vyao. Wakapewa majina mapya: Danieli akawa Belteshaza, na wenzake watatu wakawa Shadraka, Meshaki na Abednego. Halafu kila siku wakapangiwa chakula cha mfalme, na divai ile ile aliyokunywa mfalme mwenyewe.

Hapo ndipo pa kuangalia. Wangeweza kupewa divai yoyote, lakini walipewa ya mkubwa. Ukinywa anachokunywa mkubwa, unajiona na wewe umefika. Babeli ilijua kwamba kijana ukimbadilishia lugha, jina, hadithi na kikombe, baada ya miaka mitatu hutahitaji kumlazimisha kitu. Atajilazimisha mwenyewe.

Danieli alifanya mambo matatu ambayo tunafaa kuyashika:

(a) Aliamua moyoni kabla. Mstari wa 8 unaonyesha kwamba uamuzi ulitangulia kikombe. Mtu anayengoja mpaka glasi iwe mbele yake, na marafiki wanamtazama, amechelewa.

(b) Hakukataa kila kitu. Alienda shule yao na akaongoza darasa. Alijifunza lugha yao. Kwa hiyo imani yake haikuwa ya kuogopa kila kitu kipya. Alijua mahali pa kusimama.

(c) Alizungumza kwa heshima. Aliomba ruhusa, akapendekeza jaribio la siku kumi kwa mboga na maji. Hakutukana meza ya mfalme wala waliokuwa wameketi pale.

2. KIU HUFUNDISHWA

Wengine watasema, "Mimi nakunywa kile ninachopenda tu." Sawa, lakini nani alikufundisha kukipenda? Hebu tuangalie historia yetu hapa Kenya.

Chukua chai. Leo mgeni akiingia nyumbani kwako Kaptembwa, Bahati au Molo na aondoke bila chai, utaona aibu. Tunaona kama babu zetu waliikunywa tangu Adamu. Lakini majani ya chai yalipandwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903, kule Limuru, na mashamba makubwa ya Kericho yakaja miaka ya 1920. Kinywaji cha juzi tu kimekuwa heshima ya nyumba. Hakuna ubaya hapo, ila tuone ukweli: taifa zima linaweza kufundishwa kiu mpya ndani ya vizazi viwili au vitatu.

Chukua maziwa. Mwaka 1979, wakati wa Rais Moi, serikali ilianza kuwapa watoto wa shule za msingi maziwa ya bure, tuliyoyaita maziwa ya Nyayo. Wako wazee na kina mama katika kanisa hili ambao ukiwatajia pakiti ile wanatabasamu mpaka leo. Hata kitu kizuri kinaweza kupendwa na kizazi kizima kikiletwa kwa furaha na kwa pamoja.

Sasa chukua bia. Zamani za ukoloni, Mwafrika alikatazwa na sheria kununua bia ya chupa mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Chupa ilikuwa ya Mzungu. Marufuku ilipoondolewa, wengi hawakuwa wanatafuta ladha. Walitaka cheo ambacho walikuwa wamenyimwa, na matangazo yakaja kuwaambia kwamba mtu wa kisasa, mwenye kazi na suti, ndiye anayekunywa chupa. Hiyo ni divai ya Nebukadneza tena.

Jambo la karibu zaidi ni bia ya Senator. Ilizinduliwa mwaka 2004, ikiwa ya bei ya chini, na serikali ikapunguza kodi ili watu waache chang'aa. Mwaka huo huo Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alichaguliwa seneta huko Marekani. Wananchi wakaibatiza bia hiyo jina: "Obama". Ukiingia baa unaagiza Obama. Ndugu zangu, yule mtu hakuwahi kuomba jina lake liwekwe kwenye pipa. Lakini heshima na fahari tuliyokuwa nayo kwake ilihamia kwenye kikombe. Mtu aliona anakunywa ushindi.

Hivyo ndivyo kiu inavyofundishwa. Kitu kinachopendwa huwekwa karibu na kinywaji, halafu mapenzi yanahama.

3. NENO "SHEREHE" LIMETEKWA

Zamani ukisikia sherehe unafikiri harusi, shukrani ya mtoto, au kijana amemaliza chuo. Siku hizi kijana wa hapa Nakuru akisema "tuko na sherehe", wengi wanaelewa jambo moja: kutakuwa na chupa. Neno zuri limenyakuliwa, na wengi wetu hatukuona likichukuliwa.

Isaya aliliona jambo hili kabla yetu. Katika sura ya 5, mstari wa 11 na 12, anawatangazia ole wale wanaofuata kileo tangu asubuhi hadi usiku, na anataja ala za muziki zilizojaa katika karamu zao. Soma uone. Muziki na mvinyo viliwekwa meza moja. Lawama ya nabii si kwamba muziki ni mbaya. Daudi alipiga kinubi. Lawama ni kwamba katika karamu yote ile hakuna aliyekumbuka kazi ya Bwana. Na mstari wa 13 unasema watu walichukuliwa mateka kwa kukosa maarifa.

Kwetu ala ni zipi?

Kuna nyimbo. Vijana wetu wamekua na gengetone na nyimbo za klabu ambazo pombe inatajwa kama jina la rafiki. Mtoto anajua majina ya chupa ambazo hajawahi kuziona, kwa sababu aliyaimba akiwa darasa la nne.

Kuna mashindano na michezo. Mwaka 2006 kipindi cha kutafuta waimbaji, Tusker Project Fame, kiliingia sebuleni mwa watu Afrika Mashariki. Watoto na wazazi walikitazama pamoja, wakishangilia vipaji, na jina la bia lilikuwa ndilo jina la kipindi. Tangu msimu wa 2024, Guinness ndiyo bia rasmi ya ligi kuu ya Uingereza, ile ambayo vijana wetu wanajua wachezaji wake kuliko mitume kumi na wawili. Kampuni hazilipi pesa hizo kwa kupenda mpira tu. Hata kwa sinema ni hivyo: kwa filamu ya James Bond ya mwaka 2012, Skyfall, kampuni ya Heineken ililipa ili shujaa aonekane na bia yake mkononi.

Na kuna Naivasha, hapa hapa kaunti yetu. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalirudi katika ratiba ya dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19. Ni jambo la fahari, na biashara nyingi zimeinuka. Lakini kila mwaka vijana wengi wanashuka Naivasha ambao hawajui hata dereva mmoja. Wanafuata pombe. Na wanao usemi wao, kwamba yanayofanyika Vasha yabaki Vasha. Usemi huo asili yake ni tangazo la biashara la mji wa Las Vegas, Marekani, la mwaka 2003. Mtoto wetu anaharibu maisha kwa kauli ya tangazo la watu asiowajua! Na si kweli kwamba yanabaki. Mimba haibaki Vasha. Ugonjwa haubaki Vasha. Ajali ya barabarani pale Gilgil au Mbaruk inafika nyumbani kwa mama.

Hata serikali imeona. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti pombe tunaiita "sheria ya Mututho", kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha wakati huo. Iliweka saa za baa, ikakataza kuuzia walio chini ya miaka 18, na ikabana matangazo. Mwaka 2025 NACADA ikazindua sera mpya inayopendekeza umri upande hadi miaka 21, na watu mashuhuri wasitumiwe kutangaza pombe. Kama serikali inajua msanii anaweza kumnywesha mtoto kupitia simu, kanisa haliwezi kusema halijui. Habakuki 2:15 anatangaza ole kwa anayemnywesha jirani yake. Fikiria basi anayewanywesha majirani elfu mia moja kwa picha moja.

4. UTAMADUNI WA NYUMBA UNAWEZA KUSHINDA UTAMADUNI WA MJI

Hapa tunafika kwa habari njema. Soma Yeremia 35. Mungu alimwambia Yeremia awalete Warekabi ndani ya chumba cha hekalu, awawekee vikombe vya divai, awaambie wanywe. Nabii ndiye anayekaribisha, na ni hekaluni! Walikataa. Sababu yao ilikuwa moja: baba yetu Yonadabu alituagiza. Na Yonadabu alikuwa ameishi zaidi ya miaka 200 kabla yao, siku za mfalme Yehu. Mungu aliwasifu kwa utii wao, akawafanya mfano kwa Yuda yote.

Hatusemi kila Mkristo lazima akae kwa hema kama Warekabi. Tunasema hivi: familia moja iliweka utamaduni wake, ikaufundisha, na mji wote wa Yerusalemu haukuweza kuubadilisha.

Wazee wetu walijua jambo hili. Katika jamii nyingi za Bonde la Ufa na Kati, pombe ilikuwa ya wazee, kwa siku maalum, na kijana hakuigusa. Kwa Wakikuyu muratina ilikuwa na mahali pake katika ruracio. Leo muratina inauzwa kwa chupa za plastiki kwa yeyote mwenye pesa, na kijana anasema "hii ni ya kienyeji, haina shida". Amechukua kinywaji cha mila akaacha mipaka ya mila.

Na tazama mursik. Mwanariadha wetu akirudi na medali, watu wanampokea uwanja wa ndege na maziwa ya kibuyu. Dunia nzima inaona. Mtoto wa Rongai au Kuresoi akiona vile, anajua kwamba bingwa hupokewa na maziwa. Hakuna aliyetoa hotuba. Picha ile peke yake inafundisha kwamba ushindi hauhitaji kileo. Basi tujiulize: nyumba yako ina picha gani ya ushindi? Mtoto akifaulu mtihani, mnafanya nini? Akibatizwa? Akipata kazi?

5. TUJITAZAME SISI WENYEWE

Wapendwa, ni rahisi kuwahubiria walio kwenye baa. Hukumu huanzia nyumbani mwa Mungu.

Kwanza, harusi zetu. Tunanunua ile chupa ya juisi yenye povu, iliyotengenezwa ifanane na shampeni. Tunaitikisa, kizibo kinaruka, povu linamwagika, watu wanapiga vigelegele. Hakuna kileo ndani, hilo tunajua. Lakini mtindo wa kumwagia watu shampeni ulianza kwa dereva wa mbio za magari, Dan Gurney, akisherehekea ushindi Ufaransa mwaka 1967. Mtoto wa miaka saba aliyesimama pale mbele anajifunza nini? Anajifunza kwamba furaha ina umbo la chupa. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa 2022 ulikuta wako walioonja pombe wakiwa na umri wa miaka 7. Hatutoi amri hapa. Tunawaomba kamati za harusi mfikirie.

Pili, soda. Kwetu soda imekuwa kama cheti cha wokovu: mlevi anakunywa bia, mlokole anakunywa soda. Lakini soda nyingi za nusu lita zina karibu gramu 50 za sukari, yaani kama vijiko 12 vya chai. Tumezika watu kwa kisukari ambao hawakuwahi kuonja pombe. 1 Wakorintho 10:31 haisemi habari ya kileo peke yake. Inagusa kila tunachokula na kunywa.

Tatu, vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Vijana wa boda boda na wanafunzi wanavitegemea kukesha, na wengine wanavichanganya na pombe kali. Mchanganyiko huo ni hatari, kwa sababu kafeini inamficha mtu asijue amelewa kiasi gani, na anapanda pikipiki akijiona yuko sawa.

Nne, ulimi. Tukimcheka mlevi mbele ya watoto, au tukisimulia vituko vyake kwa kicheko, tunatangaza pombe bila malipo.

6. KWA ALIYE NDANI TAYARI

Labda unasoma karatasi hii na unajua moyoni kwamba mambo ya kuchagua yalikupita zamani. Sasa kikombe ndicho kinakuchagua. Au ni mumeo, au mtoto wako, na umechoka kuombewa mbele za watu.

Mungu hajakuacha. Waefeso 5:18–20 inaweka ulevi upande mmoja, na upande wa pili inaweka kujazwa Roho, kuimba pamoja na kushukuru. Maana yake Mungu anapoondoa karamu moja huweka nyingine, na ile nyingine ina watu. Hakuna anayetoka peke yake.

Tena tunasema wazi: aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla bila kumwona daktari. Mwili unaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, hata kufa. Kwenda hospitali si kukosa imani. Nambari ya NACADA ya bure ni 1192. Ukiona mtu amekunywa pombe isiyojulikana na macho yanaingia giza, usingoje maombi ya jioni. Mkimbize hospitali huku ukiomba. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya sumu, na Februari 2024 misiba kama hiyo ilirudi Kirinyaga.

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

1. Sikiliza na watoto wako nyimbo tatu wanazozipenda. Usigombe. Waulize: huyu anatuambia furaha iko wapi?
2. Kama familia, amueni na kuandika jinsi nyumba yenu itakavyosherehekea. Weka uji, chai ya tangawizi, maziwa, juisi ya matunda ya shambani, wimbo wenu, na baraka ya mzazi.
3. Idara ya vijana ifungue mahali pa kutazama mechi kubwa pamoja, pasipo pombe. Tukiwaambia "msiende kule" na hatuna "kuja hapa", tumewaacha barabarani.
4. Mtembelee mtu mmoja anayepambana na pombe. Usiende na hotuba. Nenda na chai.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kinywaji gani ulianza kukinywa kwa sababu ya mtu uliyemheshimu? Ni nani?
2. Kwa nini Danieli alikubali shule na jina, lakini akakataa meza?
3. Warekabi walishika agizo la baba yao kwa zaidi ya miaka 200. Ni agizo gani moja ungetaka wajukuu wako walishike?
4. Kanisa letu linaweza kufanya nini ili neno "sherehe" lirudi kwa watu wa Mungu?

OMBI

Baba, umetuumba na kiu na wewe mwenyewe ndiwe maji ya uzima. Tusamehe pale tulipowaacha wengine wawafundishe watoto wetu kupenda. Tupe moyo wa Danieli wa kuamua mapema, na upole wake wa kusema. Wale waliofungwa na kikombe, wafungue, na utufanye sisi kuwa watu wa kukaa nao. Katika jina la Yesu, Amina.